Ubavu Unaoshuka

Nukta alikuwa anakamua nepi ya nne alipogundua kwamba nyumba imenyamaza.

Mtoto wake wa miezi saba hakuwa wa kunyamaza. Akiwa macho alibwabwaja mwenyewe kama mtu anayegombana na ukuta, na akilala alikoroma kama mbeba magunia. Kimya hiki hakikuwa cha macho wala cha usingizi. Nukta, ambaye mumewe alimpa jina hilo kwa sababu ya ufupi wake na majirani wakalidaka, aliiachia nepi kwenye beseni akaingia ndani na mikono yake ikichuruzika maji.

Ubavu mmoja wa kitanda cha mtoto ulikuwa umekaa upogo. Upande wa miguuni ulikuwa bado umeshika, lakini wa kichwani ulikuwa umechomoka na kuegemea nje, na kati ya godoro na zile fito ukafunguka mwanya wa shubiri nzima. Mtoto alikuwa ndani ya mwanya huo. Mwili wake ulikuwa umetelemka mpaka kwapani, uso umejibana kwenye godoro, na mguu mmoja unaning'inia nje ukicheza polepole, kama wa mtoto anayebembea.

Alimvuta mara ya kwanza, akakwama. Alimvuta mara ya pili akausukuma ule ubavu kwa goti mpaka ukapiga kelele, na mtoto akatoka, midomo yake ikiwa na rangi ambayo Nukta hakutaka kuipa jina. Alimlaza kifudifudi mkononi, akampiga mgongoni. Akampiga tena. Mtoto alikohoa, akavuta pumzi ndefu, ndipo kilio kikaja. Nukta hakuwahi kufurahia kilio kama kile tangu azaliwe, na papo hapo akakaa sakafuni.

Mumewe alifika mbio kutoka karakana iliyokuwa ukuta kwa ukuta na chumba chao, vumbi la mbao likiwa limejaa kwenye nywele zake. Alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, kisha akakitazama kitanda. Hapo ndipo macho yake yalipokaa muda mrefu zaidi.

"Godoro," alisema hatimaye. "Godoro ni dogo. Linasogea."

"Godoro halijasogea. Tazama komeo."

Alitazama. Yale makomeo mawili yalikuwa ya plastiki. Nukta mwenyewe ndiye aliyeyataka. Alijifungua kwa kupasuliwa, mshono ukamsumbua, na kwa kimo chake hakuweza kuinama juu ya ule uzio kumtoa mtoto. Ndipo alipomwambia mumewe, "Wewe si fundi? Nitengenezee ubavu unaoshuka." Akautengeneza: ubavu unaoteleza katika mifereji miwili iliyochimbwa kwenye nguzo, unaushusha kwa mkono mmoja, unaupandisha, unasikia *tik*, umefunga. Mwanzo aliweka makomeo ya chuma, yakawa yanagonga na kumwamsha mtoto. Nukta akalalamika. Yakaja ya plastiki, na kila aliyeingia chumbani kumpa hongera ya uzazi alitoka akikisifu kitanda kuliko mtoto.

Komeo la kichwani lilikuwa limelika. Jino lake lilikuwa limekuwa laini, mviringo, kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha.

Fundi alikwenda karakana, akarudi na keekee na mfuko wa bolti. Kwa muda usiozidi robo saa alitoboa nguzo zote mbili, akapitisha bolti nne, akakaza nati kwa spana mpaka mbao ikalia. Ubavu ule usingeshuka tena kamwe.

"Basi," alisema. "Kimekwisha."

Mfuko ule ulikuwa umebaki na bolti kumi na mbili. Nukta aliziona alipoufungua jioni kutafuta pini. Hakuhitaji kusoma sana kujua hesabu yake. Vitanda vya namna ile vilivyouzwa vilikuwa vitatu.

&nbsp;

"Nitapita Jumatano," Fundi alisema siku iliyofuata. Jumatano ilipofika akasema mbao za mteja zimekuja mbichi, lazima azishughulikie kabla hazijapinda. Alhamisi alikuja mwenye duka kubwa la samani la barabarani, mtu mnene mwenye kupenda kuonja kila kitu kwa vidole. Alikishika kimoja cha vitanda vilivyokuwa karakana, akakishusha ubavu, akakipandisha, *tik*, akakishusha.

"Hiki ndicho watu wanachotaka," alisema. "Kinashuka, hakina kelele. Nitengenezee ishirini. Lakini hivi hivi, Fundi, usinibadilishie kitu."

Fundi aliitikia. Nukta alikuwa mlangoni na mtoto begani, akamwona mumewe anavyoitikia, kichwa kinakwenda juu na chini bila macho kuinuka.

Mgeni alipoondoka alimfuata. "Hukumwambia."

"Nimwambie nini? Kwamba kitanda changu kilitaka kuniulia mwanangu? Nikisema hilo leo, kesho nani ataniletea hata kigoda nimpigie msumari?"

"Na wale watatu?"

"Nimesema nitapita."

"Lini?"

"Mke wangu, nimekusikia. Nitapita!" Alichukua randa akaanza kupiga ubao uliokuwa umeshapigwa tayari. Maranda yalimwagika miguuni pake, membamba, meupe. "Na isitoshe," aliongeza bila kugeuka, "chetu kilitumika sana. Wewe unakishusha mara ishirini kwa siku. Watu wengine wana mikono mirefu."

Jumapili alisema amechoka. Jumatatu hakusema kitu, na Nukta hakuuliza. Alimlaza mtoto katika kitanda kilichokazwa, akamtoa kwa kupanda juu ya kigoda, na kila alipopanda alijiambia kwamba kesho atalisema tena. Kulisema kulikuwa kumekuwa kugumu, kama kumdai mtu uliyemzoea. Alhamisi ya wiki ya pili, mumewe alipokwenda kununua gundi, alichukua mfuko wa bolti, keekee ya mkono na spana, akambeba mtoto mgongoni, akatoka.

&nbsp;

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya karani wa benki. Mwenyewe alimtazama kupitia kijidirisha cha geti.

"Leo hatuna," alisema, akafunga.

Nukta aligonga tena. "Dada, siombi. Mimi ni mke wa fundi aliyekuuzia kitanda cha mtoto."

Alifunguliwa kwa shingo upande. Aliambiwa avue viatu, kisha aliambiwa avivae maana miguu ilikuwa na vumbi kuliko viatu. Mtoto wa karani alikuwa amekaa sakafuni, mzima, akitafuna kijiko. Nukta alipomwona alitaka kumbusu. Alieleza kwa kifupi, akatoboa, akakaza. Karani alisimama nyuma yake amekunja mikono.

"Sasa umeniharibia," alisema kazi ilipokwisha. "Mimi nilinunua kinachoshuka. Hiki nitamtoaje mtoto?"

"Kwa kuinama, dada. Samahani."

"Mumeo anajua kwamba unazunguka mitaani kuharibu vitanda vya watu?"

Nukta alikusanya vifaa vyake akashukuru, ingawa hakujua anashukuru nini.

Kwa mwalimu mambo yalikuwa afadhali na mabaya zaidi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda mwenyewe chumbani, akaupandisha ubavu, *tik*, kisha akausukuma kwa kiganja. Ulishika. Akausukuma mara ya pili, ukashika. Mara ya tatu kona moja iliachia, ubavu ukafunguka kama mlango wa kabati. Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili.

"Mwanangu amelala humu adhuhuri yote," alisema taratibu. "Nilikuwa nasahihisha madaftari chumba cha pili. Amelala humu."

Hakutaka bolti. Alikitoa kitanda mpaka uani na kukilaza kwa ubavu, akasema anataka fedha yake mwisho wa mwezi, na kwamba kila mzazi wa shule yake atajua. Nukta alisema ni haki yake. Alikuwa na joto kifuani lililofanana na ahueni. Wawili walikuwa salama. Alibaki mmoja.

&nbsp;

Nyumba ya tatu, ya dereva wa malori, ilikuwa mwisho wa barabara, penye tangi la maji. Geti lilikuwa wazi. Kwenye kivuli chembamba cha tangi alikaa bibi kizee juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imelala mapajani. Mbele yake kulikuwa na sahani ya chakula iliyokauka juu.

"Shikamoo, mama."

Bibi aliinua uso. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Hakuitikia.

Mke wa dereva alitokea mlangoni. Nukta alimkumbuka vizuri: mwanamke mwenye kucheka, aliyekuja karakana na tumbo la miezi minane akataka aoneshwe ubavu unavyoshuka mara tano nzima. Sasa alikuwa amekonda shingo. Kifuani nguo yake ilikuwa na madoa mawili yaliyolowa, na Nukta, aliyekuwa akinyonyesha, aliyatambua kabla hajayafikiria.

"Mmesikia wapi?" mwanamke aliuliza. "Hatukuwatangazia wa mbali."

"Pole," Nukta alisema. "Pole, mwenzangu."

"Ingia. Usisimame juani na mtoto."

Ndani hakuna aliyekaa. Mke wa dereva alizungumza akiwa amesimama, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi mpaka limekuwa la mtu mwingine. Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Alikwenda dukani mara moja, mara moja tu, kununua mafuta ya taa. Mtoto alikuwa amelala. Alimwacha na mama mkwe, bibi yake mtoto, amekaa kwenye kiti pale pale chumbani. Aliporudi bibi alikuwa amesinzia kitini na ubavu wa kitanda uko wazi.

"Hakuufunga," alisema. "Mume wangu amemuuliza, mimi nimemuuliza, watu wa kituo cha polisi wamemuuliza. Anang'ang'ania aliufunga, eti aliusikia unalia. Mtu mwenyewe hasikii hata akiitwa. Siku ya tano leo, mwanawe hajamwangalia usoni. Kesho kutwa tunampandisha basi arudi kwao." Alijifuta shingo. "Mimi simchukii. Lakini siwezi kukaa naye ndani."

Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani, kimefunikwa shuka. Mke wa dereva alikipiga konzi kidogo.

"Kichukueni. Mkamuuzie mwingine. Kitanda hakina kosa."

Jumamosi iliyopita. Nukta alihesabu nyuma akaishia Jumatatu ile ya nepi, siku tano kabla. Mgongoni mtoto wake alijinyoosha na kuguna kwa raha. Ule mguno ulimpita Nukta mwilini kama maji ya moto, maana aliona mwanamke mwenzake anavyougeukia.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alijua, na kinywa alikifungua. Kilichotoka ni hiki: "Nitakuja kesho na mume wangu."

Alipopita kwenye tangi, mkono mkavu ulimshika kifundo cha mkono.

"Wewe ni mke wa fundi," bibi alisema. "Nimewasikia mkizungumza. Niambie wewe. Kile kitu kikilia *tik*, si kimefunga?"

"Kimefunga, mama."

"Kililia," bibi alisema. "Kililia vizuri kabisa."

&nbsp;

Fundi alikuwa amepanga vitanda vinne vya kwanza vya mwenye duka, anavipiga msasa. Nukta alimweleza akiwa bado mlangoni, hajamtua mtoto. Alieleza yote, na mumewe aliendelea kupiga msasa mpaka aliposikia neno Jumamosi. Mkono ulisimama.

"Wamesema bibi hakufunga," alisema baadaye.

"Wamesema."

"Basi wenyewe wanajua. Labda kweli hakufunga. Mzee, macho hayaoni..."

"Sukuma hicho," Nukta alisema.

"Nini?"

"Hicho kilicho mbele yako. Funga, halafu sukuma."

Fundi aliupandisha ubavu. *Tik.* Hakuusukuma. Alibaki ameushika kwa juu, kidole gumba kikipita juu ya mbao laini aliyoipiga msasa yeye mwenyewe, na uso wake ukaanza kuharibika kidogo kidogo.

"Unajua wataniweka ndani?"

"Najua."

"Wewe na mtoto mtakula nini?"

"Mimi ndiye niliyetaka ushuke," Nukta alisema. "Mimi ndiye niliyetaka plastiki. Sikutupii wewe peke yako. Lakini yule mama ataondoka kesho kutwa na jina la muuaji, na atakufa nalo. Mimi kesho naenda. Ukija, tutakwenda wawili."

Asubuhi alimkuta amekwisha kunyoa, amevaa shati lake la kutokea, amekaa kitandani na mikono katikati ya magoti, anamsubiri.

&nbsp;

Dereva alikuwa nyumbani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuzoea kupigania barabara, lakini siku hiyo alizungumza kwa upole wa kutisha. Aliwakaribisha viti. Fundi alikataa kukaa. Alikitoa kitanda ukutani, akakisimamisha katikati ya sebule, akaondoa shuka. Mke wa dereva aligeukia dirisha.

"Bwana mkubwa," Fundi alisema, "mama yako alifunga. Nakuomba unitazame."

Aliupandisha ubavu, wote wakausikia unalia. Aliuegemeza kiganja, si kwa nguvu, kwa uzito wa mtoto anayejigeuza usingizini. Ubavu ulishika. Aliegemeza tena. Kona ya kichwani ikachomoka, na ule mwanya ukafunguka mbele yao wote, mweusi, mwembamba.

Kisha dereva aliinuka, akamsogeza Fundi kando kwa mgongo wa mkono, akaupandisha mwenyewe. *Tik.* Akasukuma. Ukaachia. Akaupandisha. Akasukuma. Aliendelea hivyo mpaka mkewe akasema, "Acha," naye hakuacha, mpaka akasema tena, "Baba, acha!"

"Mlijua lini?" dereva aliuliza, bado amekiinamia kitanda.

"Jumatatu," Fundi alisema.

"Jumatatu hii?"

Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Nukta alimwona mumewe anautazama. Jumatatu hii ilikuwa siku mbili baada ya msiba. Ukisema Jumatatu hii, unabaki fundi mwenye bahati mbaya tu. Midomo ya Fundi ilitikisika, ikatikisika, sauti haikutoka.

"Ya wiki iliyopita," Nukta alisema. "Wetu alinasa vivyo hivyo. Tukamuwahi."

Mke wa dereva aligeuka kutoka dirishani. Alikuwa anahesabu kwa vidole, Jumanne, Jumatano, bila sauti, na alipofika kidole cha tano alikishika akabaki nacho.

"Siku zote hizo," alimwuliza Nukta, si kwa hasira, kama anayetaka kweli kuelewa, "ulikuwa unafanya nini?"

Nukta alitafuta kitu kikubwa cha kusema, ugonjwa, safari, tishio la mume. Hakikuwepo. "Nilikuwa nafua," alisema. "Nilikuwa napika. Nilikuwa nanyonyesha."

Dereva alimkamata Fundi shingo ya shati, vifungo viwili vikaruka. Fundi hakuinua mkono kujikinga. Labda kama angeuinua angepigwa. Dereva alimwachia, akachukua funguo mezani.

"Twende kituoni," alisema. "Utayasema yote, kama ulivyoyasema hapa. Na hicho kitanda utakibeba wewe."

Fundi alikibeba kichwani. Alimwambia mkewe, bila kumtazama, "Nenda kamwambie mwenye duka hakuna ishirini," kisha akatangulia mbele ya dereva kama mtu anayejua njia.

Nukta alitoka nyuma yao. Alikuwa amefika getini aliposikia mlango ukifunguka, na mke wa dereva akitoka uani na maji kwenye kikombe. Alimwona anapiga hatua kuelekea kwenye tangi, anasimama, anapiga nyingine, na mwishowe anachutama mbele ya ile ndoo.

"Mama," mke wa dereva alisema. Sauti ilimkatika, akaianza upya. "Mama, ingia ndani. Jua kali."

Bibi kizee alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa taratibu mpaka kikaisha, akamrudishia, akailaza tena mikono yake mapajani.

"Acha tu, mwanangu," alisema. "Nimeshapazoea hapa."